Naomba ushauri: viatu gani na maji kiasi gani kwa safari ya wanafunzi kwenda Gombe?

Mwalimu wa Ramani – Jumatatu, saa 2:40 usiku

Wadau, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Kigoma mjini. Jumamosi ya wiki ijayo tunawapeleka wanafunzi 28 wa kidato cha tatu katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, na walimu tutakuwa wanne. Tutapanda boti Kibirizi alfajiri na kurudi jioni. Ndani ya Gombe hakuna barabara wala gari. Kila hatua ni ya mguu, na njia ya kwenda kwenye maporomoko ya Kakombe, pamoja na zile zinazopanda kuwafuata sokwe, zina mizizi, mawe na miinuko inayokata pumzi. Kiangazi hiki majani makavu yanateleza kuliko matope.

Naomba ushauri katika mambo mawili. La kwanza ni viatu: wenzangu wengine wanasema raba zinatosha, wengine wanasisitiza buti. Mimi nimeshanunua buti za mtumba, namba 42, za ngozi ngumu na soli yenye meno. Nimezivaa siku mbili na hazijaniuma hata kidogo. La pili ni maji: kila mmoja abebe lita ngapi, na abebe katika chombo gani? Naomba majibu mapema, kwa sababu michango imeshakusanywa na boti imeshalipiwa malipo ya awali.

Binti wa Kibirizi

Mwalimu, shikamoo. Kabla ya viatu, hakikisha kila mtoto ana jaketi la kuokolea maisha lililofungwa kifuani, na kwamba nahodha haondoki upepo ukiwa mkali. Nimezaliwa kandokando ya ziwa hili na nimeona mawimbi ya kiangazi yakiwatoa watu wazima machozi. Tena viatu vyote, viwe raba au buti, visikae sakafuni mwa boti, maana maji hujikusanya pale chini, na mtu akianza kupanda kilima na soksi mbichi hamalizi saa moja kabla ya kupata malengelenge.

Mrina Asali wa Sikonge

Ndugu mwalimu, mimi niko mkoani Tabora na Gombe sijafika, lakini kutembea porini nakujua. Marehemu baba yangu alikuwa akirina asali katika misitu ya miombo, akitoka nyumbani alfajiri na kurudi baada ya siku tatu au nne, na maisha yake yote hakuvaa kiatu kingine porini zaidi ya katambuga alizochongewa kwa tairi la lori. Maji alibeba katika kibuyu kilichofungwa kwa kamba ya magome, na kilikuwa kikitoa jasho kwa nje, hivyo maji yakabaki baridi hata saa nane mchana. Alikuwa na kanuni moja aliyotufundisha: usingoje kiu. Alikunywa mafunda mawili kila alipofika kwenye mzinga, awe na kiu au asiwe nayo. Vijana wa siku hizi wananunua kiatu kwa sababu kinang'aa, kisha wanabeba nusu lita ya maji kama wanaokwenda dukani. Wafundishe wanafunzi wako kunywa kidogo kidogo tangu mwanzo wa safari.

Sina Haraka

Sokwe wenyewe wanapanda milima hiyo tangu enzi bila kiatu wala chupa, na hatujasikia wakiomba ushauri. Natania, mwalimu. Raba zenye soli ya kushika zinatosha kabisa.

Niliwahi Kuongoza Wageni

Nilifanya kazi Gombe miaka kadhaa, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Ziwa lipo kwenye mwinuko wa mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, na kuta za bonde la ufa zinapanda ghafla nyuma yake, kwa hiyo hata matembezi mafupi ni ya kupanda. Yale maporomoko yana urefu unaokaribia mita 25 na hayako mbali sana na ufuko wa Kasekela. Lakini sokwe hawakai mahali pamoja. Unaweza kuwaona baada ya nusu saa, au ukawafuata kwa muda wa saa nne ukipanda na kushuka. Hesabu ya maji ifuate hiyo saa nne. Lita mbili kwa kila mtu ndicho kiwango cha chini.

Jambo la chupa nalisisitiza. Magonjwa yetu yanawapata sokwe. Mwaka 1966, miaka sita tu baada ya Jane Goodall kuanza utafiti wake pale, ugonjwa wa kupooza ulioaminika kuwa polio uliwaua na kuwalemaza baadhi yao, na baadaye mafua na homa za mapafu zimewaua wengine. Mtoto anayekohoa abaki nyumbani. Chupa iliyotoka mdomoni mwa mtu isiachwe porini hata kwa dakika moja, na wote wakae mbali na sokwe angalau mita kumi.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mwalimu, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Umesema buti za ngozi ngumu umezivaa siku mbili na hazijakuuma hata kidogo. Katika kazi yangu sijawahi kuona ngozi ngumu ambayo haimsumbui mtu siku mbili za kwanza, hata pale kwenye kisigino. Naomba uniruhusu nikuulize: una umri gani, na je, unatumia dawa yoyote ya kila siku?

Mwalimu wa Ramani – Jumanne, saa 12:10 jioni

Nawashukuru wote. Dada Nesi, sioni uhusiano wa dawa na viatu. Nina miaka 51 na nina nguvu zangu. Labda buti hizi zililainishwa na mwenyewe wa kwanza.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Uhusiano upo, kaka yangu, na nadhani unaujua. Ukivua soksi usiku, unaangalia nyayo zako?

Mwalimu wa Ramani – Jumanne, saa 3:55 usiku

Haya, nitasema. Nina kisukari, mwaka wa tisa sasa, na natumia vidonge. Miguu ina ganzi, zaidi wa kulia; wakati mwingine nakanyaga sakafu nikiona kama nimekanyaga godoro. Jumapili jioni nilipovua buti nilikuta soksi ya kulia ina damu, na chini ya shina la kidole gumba pana kidonda cha ukubwa wa sarafu. Sikuwa nimesikia maumivu yoyote. Nimekisafisha kwa maji ya chumvi na kukifunga.

Lakini naomba mnielewe. Safari hii niliibuni mimi, na wanafunzi wameisubiri tangu mwezi wa tatu. Nimewaambia wazazi kwamba nitakuwa nao hatua kwa hatua. Kidonda ni kidogo na zimebaki siku kumi na moja. Nitavaa soksi mbili, nitakwenda taratibu nyuma ya wengine, na fimbo ninayo. Ninachotaka kujua ni kama buti zinafaa kuliko raba kwa mtu wa hali yangu, basi.

Mama Wawili

Mwalimu, pole, lakini haya ndiyo matokeo ya soda na vitumbua kila asubuhi. Mwili hausahau. Acha sukari kwanza ndipo uzungumze habari za viatu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Mama Wawili, tusimlaumu mgonjwa kwa kisa tusichokijua. Kisukari kina sababu nyingi, na kuna wanaokipata bila kugusa soda.

Mwalimu, jibu la swali lako ni kwamba kwa sasa hakuna kiatu kinachofaa, kwa sababu mguu wenye kidonda hauruhusiwi kubebeshwa mwili wako kilima kizima. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na ile ya damu nayo hupungukiwa na kazi, hivyo mtu haumii anapoumizwa na kidonda nacho kinachelewa kupona. Kidonda kama hicho kikipata usaha kinaweza kufika kwenye mfupa, na nimewahi kusaidia kumwandaa mtu kwa ajili ya kukatwa mguu ulioanza kwa lengelenge la kiatu kipya cha harusi. Soksi mbili ndani ya buti inayobana zinaongeza mgandamizo. Nenda kliniki kesho, usingoje.

Hata kidonda kikipona, kiatu kipya kivaliwe saa moja au mbili kwa siku kwa majuma kadhaa. Kinunuliwe jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kila kabla ya kuvaa, ingiza mkono ndani ukapapase. Na kwa kuwa unatumia vidonge, mfukoni uwe na sukari ya vijiko vitatu vya chai, maana kutembea sana kunaweza kuishusha sukari ya damu ghafla.

Mtazamaji

Samahani, lakini mimi nina mashaka na uzi huu. Jumatatu mtu anatuambia buti hazijamuuma hata kidogo, zina soli yenye meno, namba 42. Jumanne anatuambia hahisi miguu. Mtu asiyehisi miguu anawezaje kutoa ushahidi kwamba kiatu hakimuumi? Halafu kidonda cha Jumapili hakikutajwa Jumatatu. Nimeona nyuzi nyingi za namna hii ambazo mwisho wake mtu anatangaza duka la viatu vya mtumba au dawa ya mitishamba ya kisukari. Naona kisa hiki kimetungwa, na tunapoteza muda wa watu wema.

Sina Haraka

Nami nilianza kujiuliza hivyo hivyo.

Binti wa Kibirizi

Hajataja duka hata moja. Tumwache ajibu.

Mwalimu wa Ramani – Jumatano, saa 11:30 alfajiri

Sikulala vizuri kwa sababu ya neno "kimetungwa". Ndugu Mtazamaji, sina duka na sina dawa. Sikutaja kidonda Jumatatu kwa sababu niliogopa kusikia jibu nililolisikia jana.

Nitaeleza kilichotokea Jumapili, kisha utaamua mwenyewe. Nilikwenda katika shamba la michikichi la kaka yangu, nje kidogo ya Ujiji, kwa makusudi ya kuzizoea buti. Nilitoka nyumbani saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Nilipokaa barazani na kuvua buti ya kulia, nilisikia kitu kikigonga ndani yake, nikaigeuza, ikaanguka kokwa moja ya chikichi, nyeusi, yenye nyuzi zake, imeloa damu. Nadhani iliingia asubuhi nilipokaa kufungua kamba nikaweka buti chini ya mti. Nimetembea juu ya kokwa ile mchana kutwa, mguu wangu ukiniambia kwamba kila kitu ni salama. Binti yangu mdogo ndiye aliyeliona doa kwenye soksi na kuuliza kama nimekanyaga rangi. Kokwa ile bado ipo dirishani. Sijui kwa nini sijaitupa.

Umeuliza nilijuaje kwamba buti haziniumi. Nilijua hivyo tu: hazikuniuma.

Mtazamaji

Mwalimu, nimesoma. Naondoa neno langu kuhusu duka na naomba radhi. Ila bado nakushangaa kwa kutaka kupanda kilima baada ya kokwa ile.

Niliwahi Kuongoza Wageni

Naongeza moja. Mkishuka kwenye boti kuna uwezekano wa kukanyaga majini. Ziwa Tanganyika lina kichocho katika baadhi ya sehemu za ufukweni, na maji ya ziwa hayafai kuingia kwenye kidonda kilicho wazi. Hata kule "kusubiri ufukweni tu" hakukufai kwa sasa.

Bwana Stoo

Naona swali la maji limeachwa nusu. Watu 32 kwa lita mbili ni lita 64, yaani kilo 64 za mzigo, sawa na madumu matatu ya lita ishirini na ziada kidogo. Msibebe madumu mlimani. Kila mtu awe na chupa mbili ngumu za lita moja, zikae mgongoni pande mbili za begi ili uzito usivute bega moja, na dumu moja la akiba libaki kwenye boti. Maji yachemshwe Ijumaa hadi yatokote sawasawa, yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo yajazwe. Msiyafungashe katika mifuko ya plastiki; imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Kila chupa iandikwe jina, ili watoto wasipokezane midomo.

Mwalimu wa Ramani – Ijumaa, saa 1:20 usiku

Wadau, narudi na taarifa. Jana nilikwenda kliniki. Mhudumu aliniambia nifumbe macho, akanigusa nyayo kwa uzi mwembamba wa nailoni mahali kumi kwa kila mguu, nami niseme "ndiyo" kila ninapohisi. Mguu wa kushoto nilisema ndiyo mara saba, wa kulia mara tatu. Nilidhani bado hajaanza. Kidonda kimesafishwa, nimepewa dawa, na nimekatazwa matembezi marefu hadi kifunge. Nitarudi kila baada ya siku mbili.

Leo asubuhi nimemweleza mkuu wa shule, na mwalimu wa baiolojia ataongoza msafara badala yangu. Nitakwenda Kibirizi kwa bajaji, nitahesabu wanafunzi 28 wakipanda boti, nitakagua viatu vyao kimoja kimoja kwa kuingiza mkono ndani, na jioni nitakuwa palepale kuwahesabu wakishuka. Wataandika ripoti na kunisomea darasani. Nimeumia kuliko nilivyotarajia, sifichi.

Buti nimeziweka juu ya kabati. Raba ndizo nilizowaruhusu wanafunzi, za kufunga kwa kamba, zilizokwisha kuvaliwa. Kwa sasa watu ni 31 na chupa zinazohitajika ni 62, tumepata 54. Aliye na chupa ngumu za lita moja, zenye kifuniko kisichovuja, maeneo ya Mwanga au Kibirizi, naomba aniandikie.

Binti wa Kibirizi

Mwalimu, ninazo sita. Nitaziosha leo, nikuletee kesho shuleni, usije wewe.