Paka kamparura mtoto, sasa ana mtoki kwapani

Mama Kirumba: Wakuu habari zenu. Nina paka wa miezi kama mitano, tulimchukua kwa wauza dagaa pale Mwaloni, anacheza sana na mwanangu wa miaka 7. Wiki mbili nyuma akamparura mkononi, kakidonda kadogo tu nikakaosha nikapaka jivii basi. Juzi namuogesha nakuta kwapani upande uleule kuna kitu kama gololi, nikigusa analia, na jioni anachemka kidogo. Malaria tumepima hakuna. Jirani anasema nimpe vile vidonge vya rangi mbili, mama mkwe anasema paka atupwe ziwani. Nimechanganyikiwa.

Ngosha Nyegezi: Mpeleke hospitali na UWAAMBIE kuna paka. Mimi nilizungushwa mara tatu hakuna aliyeniuliza nafuga nini, nikachomwa sindano za taifodi bure kabisa.

Bwana Mifugo: Kwa mtandao siwezi kuapa, ila hayo unayosema yanafanana na homa ya mparuro wa paka. Bakteria wake anaitwa Bartonella henselae, na paka anaweza kuwa naye kwenye damu akawa mzima tu anaruka ruka, hasa hawa wadogo. Anayemwambukiza ni kiroboto. Kinyesi cha kiroboto kinanasa kwenye kucha, akiparura ndo ameshamchanja mtoto. Kwa hiyo mama mkwe amwache paka wa watu, adui ni viroboto. Mara nyingi inapona yenyewe ila mtoki unaweza kukaa wiki kadhaa hata miezi, usiuminye, na hizo rangi mbili acha mpaka daktari amuone. Homa ikipanda, jicho likiwa jekundu au akianza degedege usingoje kesho. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini usimpake paka, inamuua.

Kaka wa Igoma: Mimi mbwa wangu ananilamba vidonda, bibi alituambia mate yake ni dawa 😅

Bwana Mifugo: Bibi tunamheshimu ila hapo hapana, mdomo wa mbwa umejaa bakteria, kidonda kifunike.

Mama Kirumba: Bwana mifugo sasa nitajuaje ana viroboto mbona sivioni?

Bwana Mifugo: Mchane na kitana chembamba juu ya tishu nyeupe iliyolowa. Vikidondoka vichembe vyeusi kama unga wa kahawa halafu vikaacha alama nyekundu, hiyo ni damu aliyonyonywa.

Mama Kirumba: Tishu yote nyekundu jamani. Na huyu paka analala kitanda kimoja na mtoto. Asubuhi tunaenda hospitali, paka namleta kwako mchana.