Python: kufupisha if na else ya kuweka thamani

Wakuu naomba msaada, nimeandika if na else mistari minne mizima ili tu punguzo lipate thamani, hakuna njia fupi?

Jibu: Ipo mkuu, tangu Python 2.5 ya 2006. Andika punguzo = 10 if mwanachama else 0, basi.

Jibu: Mi huwa natumia punguzo = ombi or 10 (ombi ni punguzo lililotajwa kwa mteja, lisipokuwepo inachukua 10), fupi zaidi

Jibu: Hapo kuwa makini sana ndugu, ombi likiwa 0 Python inaichukulia kama si kweli kwa hiyo mteja ambaye hakutakiwa kupunguziwa anapewa 10, mimi ilinitesa wiki nzima. Weka punguzo = 10 if ombi is None else ombi, None maana yake hakuna thamani iliyowekwa. Na hizi if else fupi usizipachike tatu, moja ndani ya nyingine, kwenye mstari mmoja, hazisomeki kabisa.

Muulizaji: Imekubali, asanteni sana wakuu