Aqua inaleta pembetatu nyekundu kwenye foleni, fundi anasema betri imekufa. Nifanyeje wakuu?

MkaziWaMbagala

Wakuu habari za saa hizi. Nna Toyota Aqua ya 2013, haibridi inayotumia petroli na umeme, mtumba wa Japani, namba za usajili za D, na kusema kweli imenisaidia sana kwenye mafuta. Sasa tangu joto la Dar lianze kupanda, nikikaa foleni mchana nasikia feni huko siti ya nyuma inavuma kwa nguvu mpaka abiria anauliza ni nini hicho, afu gari inakataa kutembea kwa umeme, injini inawaka muda wote hata nikiwa nimesimama, na juzi maeneo ya Mtoni Kijichi ikatoa pembetatu nyekundu ya onyo kwenye dashibodi na ujumbe wa mfumo wa haibridi. Nikapaki pembeni, nikazima. Jioni jua limeshuka nikawasha, inatembea vizuri tu.

Fundi wa mtaani kaiangalia kwa macho, akafungua boneti, akafunga, akaniambia betri kubwa imekufa ninunue nyingine, na bei aliyotaja ni pesa ya bodaboda mpya. Hajapima na mashine yoyote. Naombeni ushauri, hivi kweli ni betri? Na naweza kuendelea kuitembelea? Maana Desemba nimepanga kwenda nayo Mbeya na familia.

Chuma_cha_Mjerumani

Iuze mkuu kabla haijafa kabisa. Haibridi ni gari za barabara za Japani, huku kwetu utaishia kulea betri.

FundiVolti

Mkuu usiuze na usinunue betri. Kwanza kabisa, fundi anayekuambia betri imekufa bila kuchomeka mashine amekisia tu, na haibridi haikisiwi. Kachomeke skana yenye uwezo wa kusoma kompyuta ya haibridi, sio zile ndogo zinazosoma injini peke yake, afu andika namba inayotoka. P0A80 maana yake kompyuta imeona betri yenyewe imechoka. P0A82 inahusu feni ya kupooza betri. P0AA6 ni umeme mkubwa unavuja sehemu kwenda kwenye bodi. P0A93 ni upoozaji wa inveta, kile kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uende kwenye mota. Hayo ni matatizo manne tofauti na bei nne tofauti, na kwenye dashibodi yote yanaweza kukuletea pembetatu ile ile nyekundu!

Kwa maelezo yako mimi nashuku feni, na sababu ni hii: inakusumbua mchana kwenye joto, jioni inapona. Betri iliyochoka kweli ina tabia yake nyingine, vile vimstari vya chaji vinajaa haraka haraka afu ukikanyaga mafuta kidogo vinaanguka mpaka viwili, asubuhi au jioni ni hivyo hivyo. Wewe hilo hujalisema.

Betri ya Aqua iko chini ya siti ya nyuma, ni nickel, moduli (vipande vya betri) 20 za volti 7.2 kila moja, jumla 144. Haipoozwi na maji, inapoozwa na hewa ya ndani ya gari, hii hewa unayopumua wewe na abiria. Feni inaivuta kupitia kile kigrili cha plastiki kwenye siti ya nyuma na kuipitisha katikati ya moduli. Sasa fikiria gari inatembea barabara ya vumbi vioo viko chini, vumbi lote linaloingia linakwenda kuganda kwenye mabawa ya feni pamoja na nyuzi za mazulia na nywele. Feni inazunguka, kelele unazisikia, ila hewa haipiti. Betri ikichemka kompyuta inaibana isifanye kazi, ndo maana injini haizimi.

Jingine, kuna watu wanazima AC kwenye foleni wakidhani wanabana mafuta. Kwenye haibridi yenye betri ya hewa usifanye hivyo mchana wa Dar, ukijipooza wewe umeipooza na betri. Na usiweke mto, begi wala kanga mbele ya kile kigrili.

Kutembea nayo hivyo hivyo sikushauri, moduli zikichemka mara kwa mara ndo zinakufa kweli, na hapo utanunua betri.

MamaJunior_Tegeta

Naongezea hapo kwa FundiVolti. Kaka, pima pia betri ndogo ya volti 12, watu wengi wanaisahau kwa kuwa haionekani kwenye boneti, kwenye Aqua iko chini ya siti ya nyuma upande wa kulia na kwenye Prius iko buti. Hii haizungushi injini kama gari za kawaida, kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga relei za betri kubwa, ila ikichoka inaleta vituko vya kila aina, mataa yote yanawaka, neno READY (gari iko tayari kutembea) halitoki, gari haiingii gia, na fundi asiyejua anakimbilia kusema betri kubwa. Gari ikiwa imelala usiku kucha mita ikisoma 12.5 kupanda uko vizuri, ikiwa chini ya 12 tafuta nyingine. Nunua ile yenye kibomba cha kutolea gesi nje, usikubali kuwekewa ya kawaida ya boneti maana iko ndani unakokaa na watoto.

Na ukikwama njiani mtu akakubusti, hakikisha chanya na hasi viko sahihi, ukigeuza waya unaweza kuunguza fyuzi kubwa au hata inveta. Wewe pia usimbusti mwenye Scania kwa kutumia Aqua.

MkaziWaMbagala

Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki. Nimeenda Ilala nikampata kijana mwenye mashine, imetoka P0A82 peke yake. Betri ndogo imesoma 12.4 asubuhi. Kijana anasema anaweza kufungua feni aipulize na kompresa ya upepo. Nimruhusu?

FundiVolti

Safi sana, umeokoa hela. Betri ndogo bado ina maisha ila iweke kwenye uangalizi.

Kompresa HAPANA kwa feni ikiwa imefungwa mahali pake. Upepo ule unaizungusha feni kwa spidi ambayo haikutengenezewa na uchafu wote unasukumwa ndani kwenye moduli. Feni itolewe nje, ifunguliwe, mabawa yasafishwe na brashi laini kama ya rangi, uchafu uvutwe na mashine ya kufyonza vumbi. Maji usitumie. Kuna baadhi ya Aqua zina kichujio nyuma ya kigrili, kama yako inacho kisafishwe pia, kama haina muulize mwenye duka la spea akutafutie.

Usalama sasa, na hapa sitanii kabisa. Zima gari, funguo iwe mbali, toa hasi ya betri ndogo, afu kama mkono utaingia karibu na betri kubwa chomoa plagi ya usalama ya rangi ya chungwa na usubiri dakika 10 ili kapasita za inveta zishushe umeme. Glavu ziwe za umeme za volti 1000, sio za kuoshea vyombo. Waya wowote wa rangi ya chungwa ndani ya gari ile usiuguse, usiukate, usiufungie kitu. Volti 144 za DC zinaua mtu.

Akiwa ameshafungua mwambie aangalie vile vyuma vya shaba vinavyounganisha moduli, kwa sisi wa pwani hewa ya chumvi inavifanya viwe vya kijani, na kutu hiyo peke yake inaweza kufanya kompyuta ione moduli nzima kama mbovu. Kama anajua kazi avitoe avisafishe na kukaza kwa kipimo, kama hajui avikague tu kwa macho.

Wa_Nairobi_Hybrid

Nimepita tu nikasoma, mimi niko Nairobi na huku Aqua, Fielder na Axio za hybrid ziko nyingi sana, hata kwa taxi za app utazikuta. Mambo mawili ambayo jamaa hapo juu hawajayagusa.

La kwanza, gas ya AC. Kompresa ya hizi gari inaendeshwa na umeme mkubwa wa betri, haina mkanda, na oil inayokaa ndani ni aina yake, ND-11, ambayo haipitishi umeme. Fundi wa AC wa kawaida akija na ile oil ya PAG anayowekea gari zingine, au hata mashine yake iwe na mabaki ya ile oil, insulation inaharibika ndani ya kompresa na hapo ndipo ile P0AA6 inatoka, gari inakataa kuwaka kabisa. Uliza kabla hajafunga hose: oil gani? Akisema oil ni oil, mwambie asante na uondoke.

La pili, siku utakayopata P0A80 ya kweli usikubali kubadilishiwa cell (moduli) moja mbovu pekee na kurudishiwa gari. Ile cell utakayowekewa inatoka kwa betri nyingine ya zamani, nguvu yake hailingani na zile zingine, kwa hivyo miezi michache cell nyingine inalala, unarudi, nyingine tena. Kama ni kurekebisha, zote zipimwe kwa mzigo, zipangwe zinazolingana, zichajiwe na kushushwa mara kadhaa ndipo zirudishwe. Unaweza kujipimia mwenyewe na simu pia, nunua ile OBD ya Bluetooth ya kuchomeka kwa gari utumie app ya Dr. Prius, itakuonyesha kila bloku (kundi la cell) na joto la betri ukiwa unaendesha. Ukikanyaga mafuta uone bloku moja inashuka volti nzima chini ya wenzake, hiyo ndiyo mgonjwa.

MkaziWaMbagala

Wakuu mrejesho. Feni imetolewa, ule uchafu uliokuwemo nimepiga picha nimwonyeshe yule fundi wa kwanza, mabawa yalikuwa hayaonekani kabisa, yameshikana na vumbi limekuwa kama blanketi. Vyuma vya shaba viwili vitatu vilianza ukijani vimesafishwa. Nimeiendesha mchana kweupe kutoka Mbagala mpaka Posta AC ikiwaka, pembetatu hakuna, feni inasikika kwa mbali tu na injini inazima kwenye foleni kama zamani. Hela niliyotoa haifiki hata robo ya robo ya ile ya betri.

Sasa lile la Mbeya, nina hofu na mlima Kitonga. Na kwenye foleni niwe naweka gia N au niache D?

FundiVolti

Hongera mkuu. Foleni acha D na ukanyage breki, au weka P kama mmesimamishwa muda mrefu. N usitumie, kwenye N betri kubwa haichajiwi hata injini ikiwaka, ukikaa hapo na AC utaimaliza.

Dereva_wa_Nyanda_za_Juu

Kitonga naomba nijibu mimi maana ndo njia yangu, nina Prius ile ya injini 1800.

Kupanda hakuna shida mkuu ila ujiandae kisaikolojia, injini itapiga kelele ya juu muda mrefu bila kubadilika, sio kwamba gia inateleza, giaboksi ya haibridi ndo inavyofanya kazi. Gari ikiwa imejaa watu na mizigo vimstari vya betri vitashuka na utaona nguvu inapungua kidogo, usilazimishe kuovateki lori pale kwenye kona, kaa nyuma yake tu.

Kazi iko kwenye kushuka wakati wa kurudi. Betri ya Aqua ni ndogo, haifiki hata kilowati-saa 1, ukianza kushuka inajaa mapema sana na ikishajaa haipokei tena umeme wa breki, sasa uzito wote unahamia kwenye breki za kawaida na ndo watu wanakuja kunusa breki zinaungua wakiwa katikati ya mlima. Weka gia B kabla hujaanza kushuka, usingoje mpaka breki ziwe laini. Kwenye B injini inazungushwa bila mafuta ili ikushikilie, itanguruma, iache ingurume. Ukifika chini rudisha D, kwa sababu kutembea na B kwenye tambarare unapoteza umeme ambao ungeingia kwenye betri.

Kabla ya kuondoka angalia maji ya inveta, yana kikopo chake tofauti na cha rejeta ya injini, na fundi wengi wanaongeza kimoja wanasahau kingine. Weka ile kulanti ya pinki, usiweke maji ya bomba. Kwenye Prius ukifungua kifuniko gari ikiwa READY unaona maji yanatembea, yakiwa yametulia tuli basi pampu ya inveta imekufa na usianze safari. Oili ya injini 0W-20, upepo wa matairi ujaze kulingana na kile kibandiko cha mlangoni, plagi za injini kama hujui zilibadilishwa lini na gari imepita kilomita 100,000 zibadilishe.

Mafuta usiache yaishe barabarani kwa kudhani umeme utakufikisha kituoni. Itatembea kidogo sana na unakuwa umeinyonya betri kubwa mpaka chini, na ile haichajiwi na chaja ya dukani. Jaza Morogoro, jaza Iringa.

Na kwenye kurudi kama mtapakia mazao, viazi na maparachichi weka buti, usirundike siti ya nyuma. Ukibeba samaki au dumu la maziwa hakikisha halivuji, maji yakishuka chini ya siti yanakutana na betri.

MkaziWaMbagala

Nimeelewa kiongozi, B naanza nayo juu kabisa. Kulanti ya inveta naenda kuiangalia kesho asubuhi injini ikiwa baridi, nikikuta pampu haisukumi nitarudi hapa.