"Inaingia tu mkuu": gia tano imekufa Minjingu, pikapu ya mzee imerudi juu ya Fuso

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, lugha mnivumilie.

Juzi Land Cruiser ya marehemu mzee, FJ45 pikapu ya 1978, imerudi Arusha ikiwa imebebwa. Gari hii imebeba mahindi, mbuzi, wagonjwa na vyombo vya harusi mbili za ukoo, na haijawahi kubebwa yenyewe. Sasa imedhalilishwa na gia boksi niliyoinunua kwa hela yangu.

Kwa wasioijua: chini ya boneti kuna 2F, petroli, silinda sita mstari mmoja, cc 4,230. Injini ya kuvuta, mbio haitaki. Shida ni kwamba ina gia nne tu, ya nne ni moja kwa moja (shafti inazunguka sawa na injini), halafu difu ni 4.11, yaani shafti inazunguka mara 4.11 ili tairi izunguke mara moja. Kwa tairi za 7.50-16, ukifika 90 kwa saa injini iko kama mizunguko 2,460 kwa dakika, mnaongea kwa kupiga kelele humo ndani. Ndiyo nikataka H55F, gia boksi ya gia tano ya Toyota wenyewe. Gia ya tano yake ni karibu 0.85, kwa hiyo mwendo uleule unashuka hadi kama 2,080. Na msiniambie ni wazimu, Waaustralia na Wamarekani wanaifunga kwenye 2F miaka nenda rudi.

Muuzaji akaniambia, "Boksi ya Land Cruiser, gari Land Cruiser, inaingia tu mkuu." Fundi akaitikia, "Inaingia tu." Nikatoa hela kama mjinga.

Haikuingia! Boksi ilitoka kwenye dizeli na ikaja na belihauzi (lile kasha linalounganisha injini na gia boksi) ya dizeli. Matundu ya bolti yake na ya 2F hayaonani hata kidogo. Fundi mwenye akili angeifungua hiyo aiweke pembeni, achukue belihauzi ya 2F ya gia nne, ambayo ilikuwa pale pale sakafuni, akaifungia H55F. Zinakubaliana! Wangu akakata pleti ya chuma ya milimita 12, akatoboa kwa drili ya mkono, akaichomeka kati ya injini na belihauzi ya dizeli. Belihauzi yangu ya asili akaiuza chuma chakavu. Kwa kilo. Hilo ndilo linaninyima usingizi kuliko hela.

Gari ilipotoka gereji ilikuwa inalia. Klachi haiachii vizuri, namba moja inaingia kwa kukwaruza, namba nne inajitoa yenyewe ukiachia mafuta. Nikampigia. "Inajizoesha mkuu, tembea nayo kilomita 500 itakaa sawa." Gia boksi imekuwa kiatu sasa, inajizoesha?

Nikaondoka nayo kwenda Babati. Makuyuni nikapita salama, Minjingu ikapiga mlio kama debe la misumari, oili ikamwagika barabarani, kila gia ikawa nyutro.

Jana usiku tumeishusha kwa mchonga vyuma mwingine, mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Akafunga daili geji, saa ya kupimia mchezo mdogo, kwenye flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini), tukazungusha injini kwa mkono polepole, ncha ikitembea ndani ya lile tundu la belihauzi linaloshika gia boksi. Kipimo kinachokubalika ni kama 0.13 mm, mzunguko mzima. Yangu ilicheza 0.9! Maana yake shafti ya gia haikukaa katikati ya krenki, kila mzunguko inalazimishwa kupinda. Beringi ya mbele imesagika ikawa unga. Na ile namba nne iliyokuwa inajitoa, mzee akasema hiyo ndiyo ilikuwa inalia msaada tangu siku ya kwanza.

Bado. Pleti ya milimita 12 imesogeza boksi nyuma milimita 12, si ndiyo? Kwa hiyo pua ya shafti haikufika kwenye pailoti beringi, ile ndogo ya mwisho wa krenki inayoishika pua hiyo, imegusa ukingoni tu. Fundi aliliona hilo, kwa sababu tumekuta kipande cha bushi ya shaba amekipachika kwa nyundo. Yaani alijua!

Halafu transfa, ile boksi ya nyuma ya gia inayogawa nguvu kwa tairi za mbele na nyuma. Ya kwangu ya 1978 haikubali H55F, ikabidi ije ya baadaye, ya vipande viwili. Sawa, hilo nililipia kwa moyo mmoja. Ila aliyoniletea imetoka kwenye 60 series, Land Cruiser ya baadaye, ambayo hendibreki yake iko magurudumu ya nyuma. Ya kwangu ilikuwa kwenye dramu, nyuma ya transfa ya zamani. Matokeo yake gari haina hendibreki, natembea na jiwe kwenye bodi. Hakuna aliyenitajia.

Na nyie mnaosema kila siku "toa hiyo petroli weka 1HZ", injini ya dizeli ya Toyota, nawaomba leo mpumzike. Injini haijakosa kitu. Imewaka asubuhi hii kwa mguso mmoja, haina hata gia nyuma yake.

Fundi hapokei simu. Muuzaji anasema boksi ilitoka dukani nzima, nimpelekee fundi. Kwa pamoja wamekula milioni sita na ushee, Fuso sijaihesabu.

Ninachotaka: mwenye belihauzi ya 2F ya gia nne, isiwe na ufa, na mwenye dramu ya hendibreki ya transfa ya 40 series (familia ya gari yangu), aje PM. Picha ziwe za kipande chenyewe, zisiwe za kutoa mtandaoni. Nitakuja nacho kipimo changu. Ukiniambia "inaingia tu", nakublok.