Kijiwe cha unga nyuma ya shule, tuanzie wapi?

Mama Watatu
Habarini wadau. Huku kwetu Dar kuna kijiwe nyuma ya shule ya msingi, zamani ilikuwa bangi tu sasa kete za unga, yaani heroini, zinauzwa mchana kweupe. Juzi nimemkuta mtoto wa jirani, kamaliza form foo mwaka jana tu, anasinzia amesimama. Askari tumeshaita mara mbili, wanabeba wawili watatu, wiki haiishi kijiwe kimehamia mtaro wa pili. Sasa mwenyekiti wa mtaa kaniambia niunde kamati, wazazi, walimu, msikiti, kanisa na bodaboda. Nimwite nani kwanza? Kuna wazazi wanataka vijana wapigwe na mimi naogopa tutakuja kuua mtoto wa mtu.

Nanywa Dozi
Shikamoo mama. Mimi nimevuta unga miaka tisa, saivi niko kwenye methadone, dawa ya kunywa badala ya heroini, kila asubuhi naenda kliniki kunywa dozi. Nakuomba sana kwenye hiyo kamati muweke hata mmoja aliyeacha. Shehe au padri akiongea tunainamisha kichwa tunasubiri amalize, ila akija mtu mliyelala naye mtaroni kavaa safi, lazima utamuuliza ilikuwaje. Na kabla ya kikao mjue kabisa kijana akisema leo nataka kuacha mnampeleka wapi, maana arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikimshika ile nia ni ya masaa tu. Muhimbili walianza kutoa methadone 2011, baadae ikaja Mwananyamala na Temeke, ni bure. Ila hiyo ni ya walionasa kwenye heroini, wa bangi haimhusu, huyo anataka mtu wa kukaa naye na kitu cha kufanya.

Mwalimu wa Zamu
Naongezea hapo. Msiende shuleni na mapicha ya kutisha, sisi tulifanya na watoto wakaishia kutaniana nayo. Kilichosaidia ni mtoto asipofika darasani mzazi anapigiwa simu siku hiyohiyo, utoro ndo unaanza kabla ya yote. Halafu ongeeni na wenye maduka pia, viroba, zile pombe kali za pakiti, vilipigwa marufuku Machi 2017 lakini kuna duka hapa kwetu mtoto wa sare ananunua kichupa na haulizwi.

Boda wa Stendi
Mama, sisi bodaboda wauzaji tunawajua. Lakini usituulize kwenye mkutano wa hadhara, kesho yake pikipiki inachomwa. Habari za muuzaji zipelekwe 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, kikao kibaki cha kusaidia vijana. Na mwiteni afisa maendeleo ya jamii wa kata, kuna ile mikopo ya halmashauri, asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya vijana, walioacha wakijiunga kikundi waombe, mtu akitoka kwenye unga akakaa bila kazi atarudi tu.

Mama Watatu
Marahaba mwanangu, na asanteni wote. Nanywa Dozi, Jumapili utaweza kuja?

Nanywa Dozi
Nitakuja mama, nikishakunywa dozi naunganisha.

Mama Watatu
Sawa. Leo jioni naenda kwa jirani kwanza, sidhani kama anajua.