Nguruwe wa msituni aendelee kubeba jina la tapeli? Tujadili

Wakuu, niko foleni Ubungo gari halisogei nikajikuta nasoma habari za nguruwe, msicheke. Kuna yule nguruwe mkubwa mweusi wa misitu ya Kenya na Uganda, kisayansi anaitwa Hylochoerus meinertzhageni, nikajiuliza huyu Meinertzhagen nani hadi apewe mnyama mzima.

Kumbe ni mtoto wa matajiri wa benki London, ofisa wa jeshi la Mwingereza, mtaalam wa ndege, shujaa wa vita, yani sivii imenyooka. Hata Tanga alikuwepo Novemba 1914, ile vita ya nyuki, Waingereza wamekuja kama 8,000, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana watu 1,000 na kidogo, wakala kichapo wakarudi melini.

Shida sivii yenyewe sehemu kubwa kaitunga. Ngozi za ndege kaiba makumbusho London kabandika lebo zake. Kuna bundi mmoja mdogo wa India, jamaa akadai kamkamata Gujarat 1914, watu wakaenda kumtafuta hukohuko wapi, kuja kuchunguza ni ngozi ya bundi aliyokusanya mtu mwingine miaka ya 1880! Mtaalam wa ndege Pamela Rasmussen na wenzie wakaipuuza lebo yake wakatafuta kwingine, 1997 wakamkuta yupo hai kabisa. Wengine wanasema wizi wa makumbusho ni ujinga tu wa kizee, mi nasema hapana, huu unapoteza watu njia miaka na miaka.

Na bado Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi wa Kenya. Nguruwe alipewa jina 1904, mwaka uliofuata tu huyuhuyu kamwita Koitalel kwenye kikao cha amani kampiga risasi.

Mi nasema jina litoke. Sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, ilikuwa Dar hii, Wajerumani wameisimamisha 1909, Waingereza walivyoingia wakaing'oa, na Acacia Avenue leo si Samora? Kwani mji ulianguka?

—

Mkuu mtaa sio mnyama. Tume inayosimamia majina ya kisayansi ya wanyama ilishasema 2023 haibadilishi jina kisa mwenye jina alikuwa mtu mbaya, maana ukianza utaishia wapi, vitabu vyote virudiwe? Halafu ukilifuta ndo umemsafisha, mwanangu akiuliza huyu nani namwambia aliyemuua Koitalel.

—

Kaka kwa hiyo Koitalel akumbukwe kupitia nguruwe wa muuaji wake? Daah. Na hiyo hoja ya vitabu, watu wa mimea wamepiga kura Madrid 2024 majina ya kisayansi yenye caffra, neno la kumtusi Mwafrika, yawe affra, mbona vitabu havijaungua. Wale wa msituni walikuwa wanamjua huyu nguruwe toka enzi za mababu, hakuwa anasubiri luteni Meinertzhagen aje amuone. Wakenya mliopo humu, Wanandi wanamwitaje?