Desturi za kuwapokea wageni bwenini: zifutwe zote au zichujwe?

Mama wa Langoni aliuliza:

Assalaam aleikum ndugu wasomaji. Nina binti anayeingia kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana hapa Lamu. Alijiunga nayo 2024, pamoja na kundi la mwisho la kidato cha kwanza nchini, na kwa kuwa 2025 hakuna darasa jipya lililoingia sekondari, yeye na wenzake wamekuwa wadogo wa shule kwa miaka miwili mfululizo. Kazi zote zilizokuwa za mono, mgeni wa kidato cha kwanza, yaani kuwatekea wakubwa maji, kuwafulia soksi na kuwapisha kwenye foleni ya chakula, ziliendelea kuwa zao hata walipofika kidato cha pili. Januari hii ya 2026 Gredi ya 10, darasa la kuanzia sekondari ya juu katika mtaala mpya, wanaingia kwa mara ya kwanza, na juzi, akiwa anapiga pasi sare yake, aliniambia kwa furaha iliyonitia wasiwasi: "Mama, sasa ni zamu yetu."

Shule imetutumia wazazi ujumbe kwamba desturi zote za wanafunzi za kuwapokea wageni zimepigwa marufuku. Ningeliunga mkono jambo hilo bila kusita, lau isingekuwa kwamba pamoja na utumishi na dhihaka imefutwa pia desturi ya mama wa shule, ambapo kila msichana mgeni hupata mwenyeji mmoja wa kumwelekeza. Mimi mwenyewe nilifika bwenini 1998 nikitokea Faza, sanduku langu la bati limelowa maji ya chumvi kwa sababu bahari ilichafuka njiani, na sikuwa na kufuli, kwani nyumbani hatukuwa tukifunga kitu. Msichana wa kidato cha pili aliyepewa mimi alivua kufuli la sanduku lake akalitia langu, akahamishia humo vitu vyake vya thamani, kisha akanionyesha namna ya kukoga kwa nusu ndoo na kubakisha maji ya kutawadhia alfajiri. Naomba kuuliza: je, yawezekana kukibakisha hiki bila kukirithi kile, au ni mti mmoja na ukikatwa umekatwa?

Kijana wa Kizingitini alijibu:

Bi, kwa heshima zote, ni mti mmoja. Mimi nilimaliza kidato cha nne 2022, katika shule ambayo sitaitaja. Mwenyeji wangu alinipokea vizuri, akanibebea sanduku, akanionyesha msala na maktaba, na wiki ya pili akachukua godoro langu. Muhula mzima nililala juu ya mbao za kitanda nimetandika shuka, na nilipolalamika aliniambia kwamba hata yeye alilala hivyo, kana kwamba hilo lilikuwa jibu. Viboko vimepigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001, kwa hiyo mwalimu hakuwa na ruhusa ya kunigusa, lakini usiku, taa zikishazimwa, aliyeshika mkanda alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Sikumshitaki, kwa sababu anayeshitaki huitwa mdaku mpaka siku anapoondoka. Ukiruhusu desturi moja kwa kuwa ni nzuri, wenye nia mbaya watajificha nyuma yake. Afadhali zifutwe zote.

Mwalimu wa Mkomani alijibu:

Nimefundisha hisabati kwa miaka mingi, lakini katika mjadala huu naandika kama mwanafunzi wa zamani, kwa sababu hali anayoieleza Bi iliwahi kutokea na mimi nilikuwamo ndani yake. Mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulipoanza 1985, watoto waliokuwa wamemaliza darasa la saba na ambao kwa kawaida wangeingia kidato cha kwanza walibaki msingi wasome darasa la nane, na shule za sekondari zikakaa mwaka mzima bila kidato cha kwanza. Mimi nilikuwa nimeingia 1984. Tulibaki wadogo wa shule kwa miaka miwili, kama binti yako, na wageni walipofika hatimaye 1986 tulikuwa kidato cha tatu, tukiwa na deni kubwa la kumdai mtu ambaye hakuwa ametukopa chochote.

Wengi wetu tulivuka mipaka. Mimi nilimchagua mvulana mmoja wa kuniletea ndoo ya maji kutoka kisimani kila alfajiri, nami nikimngoja mlangoni nimejifunga shuka kiunoni kama sultani. Alileta kwa siku tisa au kumi. Siku moja aliitua ndoo katikati ya ua, akasimama wima, ndipo nikatambua kwamba amenizidi urefu, akaniuliza kwa adabu nilizaliwa lini. Nilimtajia. Akaniambia kwamba yeye amenizidi miezi minne, akaenda zake darasani, na ndoo ikabaki pale uani mbele ya bweni zima. Nilikwenda kuichukua mwenyewe, na mpaka leo sijui kama nimewahi kutembea mwendo mrefu kuliko ule.

Kilichovunja ubabe wetu 1986 ni hesabu. Sisi tulikuwa tumesoma miaka saba ya msingi na miwili ya sekondari, nao miaka minane ya msingi, kwa hiyo tofauti ilikuwa mwaka mmoja tu. Piga hesabu ya sasa: kidato cha tatu wa leo wana miaka minane ya msingi na miwili ya sekondari, jumla kumi, na Gredi ya 10 wanaingia wakiwa wamekwisha kusoma miaka tisa. Mwaka mmoja tena. Mtoto wa kidato cha pili aliyekuwa akimpokea mwenzake wa kidato cha kwanza alitofautiana naye vivyo hivyo, lakini hakuwa amekaa miaka miwili akihesabu siku, na hapo ndipo ilipo hatari ya Januari hii.

Kuhusu godoro lako, kijana wangu, pole sana, na sidhani kwamba ulikosea kunyamaza katika mazingira yale. Hata hivyo siafiki kwamba mti ni mmoja. Mwenyeji wako alijichagua mwenyewe, na hakuna mtu mzima aliyejua kwamba wewe uko mikononi mwake. Mama wa shule akiteuliwa na mwalimu wa bweni, jina lake likaandikwa, na muda wake ukaisha likizo fupi ya katikati ya muhula, anakuwa mtu wa kuulizwa godoro liko wapi. Ukifuta kila kitu kwa ujumbe wa simu, utakachofuta ni kile kinachofanywa mchana.

Mzazi, Malindi, alijibu:

Naongeza dogo kwa upande wa wanaoingia, maana wangu anaanza Gredi ya 10 katika mkondo wa sayansi za jamii. Zamani aliyetangulia alikuwa na mali ya kumwachia mdogo wake: madaftari, vitabu vilivyopigwa mistari, karatasi za mitihani ya nyuma. Dada yake wangu alimwekea katoni nzima, nasi tumeifungua tukakuta karibu hakuna kitakachomfaa, kwa kuwa mtaala ni mwingine, na mtihani wa kidato cha nne anaojiandalia dada utafanywa kwa mara ya mwisho 2027. Kwa hiyo heshima ya "nimeshapita hapo" imepungua nguvu. Isitoshe, huyu wangu alikuwa kiranja katika Gredi ya 9, na sioni akimfulia mtu soksi.

Kijana wa Kizingitini alijibu:

Mwalimu, nakubali kuhusu jina kuandikwa. Langu la mwisho ni kwamba mgeni aulizwe faraghani, na mtu asiyelala bwenini, kabla ya wiki ya pili kwisha. Wiki ya kwanza kila mtu ni mwema.

Mama wa Langoni alijibu:

Nawashukuru nyote. Nitaiandikia ofisi ya shule kuomba mambo hayo mawili, la jina na la kuulizwa faraghani, na nitawashawishi wazazi wenzangu watie sahihi. Binti yangu nilimsomea kisa cha ndoo. Alicheka, akanyamaza, kisha akasema kwamba wao walikuwa wameshagawana wageni kabla hata hawajawaona, nani amfulie nani. Sikumgombeza. Jioni tulikwenda dukani kumnunulia sabuni na mafuta, akaomba makufuli mawili, nami sikuuliza la pili ni la nani. Ila ameacha swali ambalo siwezi kulijibu: je, Mwalimu, yule mvulana alikusamehe?

Mwalimu wa Mkomani alijibu:

Bi, sijawahi kumwuliza. Siku hizi ana mashua yake, na kila tunapokutana gatini nikiwa na mizigo huniuliza mbele ya watu kama hiyo nitaibeba mwenyewe.